Mume wa Kitabuni

"Mturuki hauziki," mchapishaji Galina Mutafova alisema, akausukuma mswada juu ya meza kama mtu anayerudisha sahani yenye unywele.

Detelina Karaivanova aliutazama mswada wake bila kuugusa. Alikuwa ametoka Kardzhali, kusini mwa Bulgaria, na basi la alfajiri mpaka Plovdiv, tumboni hana kitu ila kahawa, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba safari hii atasifiwa. Alikuwa na riwaya saba madukani, na hakuna hata moja iliyobeba jina lake. Majalada yote yaliandikwa jina la mwanamke wa kubuni, Vanessa Thornby, na ndani, kwa herufi za kuchungulia, "Imetafsiriwa na D. Karaivanova." Ndivyo biashara hii ilivyo kwetu. Msomaji wa hadithi za mapenzi haamini kwamba mapenzi yanaweza kuandikwa na mtu anayepanga naye foleni ya mkate, basi mwandishi hujigeuza mfasiri wa kitabu chake mwenyewe, na siku akisifiwa, husifiwa kwa kutafsiri vizuri.

Hii ya nane aliiandika bila kujificha. Shujaa wake, Raya, ni mhandisi wa majengo, ana gari lake, nyumba yake na ulimi wake. Raya anamwajiri fundi wa vigae aitwaye Nevzat, kijana Mturuki wa hapa hapa nchini, wa vilima vya tumbaku, na Raya ndiye anayempenda kwanza, Raya ndiye anayemposa. Hamwombi mtu nauli wala ruhusa.

"Raya ni dhahabu," Galina aliendelea. "Raya usimguse hata ukucha. Na mapenzi ya mataifa mawili, sawa kabisa, ndiyo yanayotafutwa siku hizi. Ila hilo taifa la pili, mpenzi wangu, liwe mbali kidogo."

"Mbali wapi?"

"Italia. Hispania. Hata Mwarabu mwenye visima vya mafuta naweza kumfikiria."

"Galina, kila jioni nchi nzima imekodolea macho tamthilia za Istanbul. Mama yangu mzazi hapokei simu saa hiyo, hata nyumba iungue."

"Wale wana majumba kando ya maji! Wana farasi! Huyu wako anabandika vigae chooni." Galina akacheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya. Hakuwa mwanamke mbaya, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kubishana naye. "Msomaji anafungua kitabu ili aote. Wewe unamwotesha mtu ambaye akichungulia dirishani anamwona hapo nje, anashusha saruji."

Galina hakujua kwamba Nevzat si jina la kubuni. Alijua tu kwamba mfasiri wake ana mume, na kwamba mume ni fundi. Hakuwahi kuuliza anaitwa nani, na Detelina hakuwahi kumwambia. Si aibu, Detelina alikuwa akijiambia kila mara, ni vile tu nafasi haikutokea.

"Nibadilishie huyo mmoja tu," Galina alisema. "Nipe Mtaliano. Nami nitakupa kitu." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Lilikuwa jalada: mwanamke amesimama kwenye roshani, nywele zinapeperuka, na juu yake, kwa herufi kubwa za dhahabu, DETELINA KARAIVANOVA.

Alilitazama mpaka macho yakaanza kuuma. Alikuwa na miaka arobaini na tano. Jina hilo alikuwa ameliona kwenye bili ya umeme, kwenye cheti cha kliniki, kwenye mlango wa darasa alilofundisha kabla shule haijafungwa kwa kukosa watoto. Kwa rangi ya dhahabu hajawahi kuliona.

"Hakuna Vanessa?" aliuliza.

"Hakuna Vanessa, hakuna mfasiri. Kitabu chako, jina lako. Kikitembea, nakupa mkataba wa vingine vitatu."

"Na Nevzat akibaki?"

Galina aliinua mabega. "Akibaki, basi baki naye."

Nyumbani alimkuta mumewe amelala kwenye benchi kando ya jiko la kuni, mguu wa kushoto juu ya kigoda, plasta mpaka gotini. Nevzat alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi katika nyumba ya tajiri mmoja nje ya mji, kisigino kikapasuka vipande. Kazi haikuwa na mkataba. Tajiri alikuja hospitali na noti ya leva hamsini na kuku aliyechinjwa, akamwomba awaambie madaktari kwamba ameanguka nyumbani kwake mwenyewe akichuma zabibu. Nevzat akasema hivyo hivyo. Mwenye shida hachagui uongo.

"Kuku mwenyewe ajuza, hata barafu ya friji haikumlainisha," alisema mama yake, Fikrie, akikoroga sufuria. "Tangu adhuhuri namchemsha, bado anabisha." Mama Fikrie alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani, masikio yamezibika kwa uzee, kwa hiyo alisema kila kitu kwa sauti ya mnadani.

"Haya, mwandishi!" Nevzat aliinuka kwa viwiko. "Tupe habari. Wametukubali au wametufukuza?"

"Wamekubali," Detelina alisema. "Na jina langu litakuwa juu. Langu mwenyewe."

"Juu? Kwenye jalada?" Nevzat akapiga kofi moja, akamgeukia mama yake, akapaza sauti kwa Kituruki. "Mama! Mkweo anaandikwa jina kwa dhahabu!"

"Na wewe?" mama akauliza.

"Ndiyo, na mimi?" Nevzat alimkonyeza mkewe. "Mimi wameniacha na masharubu yangu, au wameninyoa?"

Alikuwa amesomewa kitabu chote hapo hapo kwenye benchi, sura moja moja, huku kisigino kikimwuma. Alikuwa amecheka mahali pa kucheka, na mahali pengine alikuwa amegeuza uso ukutani, kwa sababu alijisikia mwenyewe humo. Fundi anayeimba anapobandika vigae ni yeye. Anayempelekea mwanamke pilipili za kuchoma ndani ya kofia ya kazi ni yeye. Hakujua kwamba mambo hayo yalikuwa yanaonekana.

"Umebaki na masharubu," Detelina alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

"Kwa hiyo mwanangu atasomwa mpaka mjini Sofia?" Mama Fikrie aliuliza.

"Atasomwa, mama."

"Mashallah." Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akakaa. Kesho yake alikanda unga, akachoma böreki za jibini, akazipeleka mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, akiwaambia watu kwamba Nevzat wake yumo kitabuni na si kwa ubaya. Kuandikwa jina lao na serikali ilikuwa habari ya kutetemesha, wote walilijua hilo. Kuandikwa kwa mapenzi hawajapata kusikia.

Detelina aliifanya kazi siku ambayo Nevzat na mama yake walikwenda hospitali. Kompyuta ilimwuliza swali moja tu, kama anataka jina libadilishwe mahali pote. Alibonyeza ndiyo. Nevzat akawa Sandro kabla hajaondoa kidole.

Kisha akakaa kurekebisha yaliyobaki. Vilima vya tumbaku vikawa mashamba ya ndimu. Böreki zikawa tambi. Mama mwenye kitambaa cheupe akawa mama mwenye rozari. Pilipili ndani ya kofia zilimsumbua kidogo, akafikiria zabibu, akafikiria samaki, mwisho akaweka pichi. Alikuwa ameogopa kwamba kazi ingemshinda. Haikumshinda. Ilikwenda kama maji, na hilo likamtisha zaidi.

Alikuwa na sababu zake na alizipanga vizuri. Nevzat hasomi riwaya, anasikiliza tu. Nevzat mwenyewe ndiye asemaye tule kwanza, heshima tutaiosha baadaye. Na mapenzi ni yale yale, mwanamume ni yule yule, ngozi tu imebadilisha jua. Atamwambia jioni, ataudhika kidogo, watacheka.

Jioni Nevzat alirudi na karatasi ya daktari. Kisigino kimeunga vibaya. Lazima kipasuliwe upya na kutiwa chuma, na chuma kinanunuliwa na mgonjwa.

"Sitapanda ngazi tena nisipofanyiwa," alisema, na akajaribu kutabasamu. "Labda nifundishe watoto kuimba."

"Utafanyiwa," Detelina alisema. "Pesa ya kitabu itatosha."

Nevzat aliushika mkono wake, akaubusu mbele ya mama yake, jambo ambalo katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kulifanya. Mama Fikrie akageukia sufuria. Detelina angewezaje kusema baada ya hapo? Angeweza, bila shaka. Watu husema mambo makubwa zaidi wakiwa na mikono iliyobusiwa. Hakusema.

Vitabu vililetwa asubuhi moja ya baridi, ndani ya sanduku. Detelina alikuwa uani anaanika shuka. Nevzat aliruka kwa magongo yake mpaka mlangoni, akalipasua sanduku kwa kisu cha vigae, akachukua kitabu cha juu. Alikipapasa jalada kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha akafungua ukurasa wa tabaruku.

Detelina aliingia mikono ikiwa imelowa na myekundu kwa baridi. Alipomwona mumewe na kitabu, aliangua kicheko cha furaha, kwa sababu alikuwa ameliona jina lake tangu mlangoni. Kicheko hakikudumu.

"Dete," Nevzat alisema, "Sandro ndiye nani?"

Ukurasa ulikuwa na mstari mmoja. *Kwa Sandro, ambaye bila yeye nisingejua kupendwa.*

Mstari huo alikuwa ameuandika siku ya kwanza kabisa, kabla ya sura ya kwanza, tena kwa jina lingine, na akausahau. Alipoiambia mashine mahali pote, mashine ikafanya mahali pote. Galina na watu wake waliupitisha bila kuuliza. Wao waliuona mtamu.

"Ni kosa," alisema. "Wallahi ni kosa, Nevzat. Mashine imefanya. Niliiambia ibadilishe, nayo ikapita mpaka hapo."

"Ibadilishe nini?"

Nevzat akafungua katikati ya kitabu, akasoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo mtu aliyeacha shule mapema. Sandro alipiga magoti, akabandika kigae cha mwisho, akaimba. Alifungua mbele zaidi. Sandro alivua kofia yake ya kazi, na ndani yake mlikuwa na mapichi.

"Mapichi," Nevzat alisema.

"Nilitaka kukwambia."

"Huyu ni mimi. Naona magoti yangu hapa. Nimekuwa nani?"

"Mtaliano," Detelina alisema kwa sauti ndogo.

"Kwanza nilidhani una mwanamume," Nevzat alisema. "Nilipouona ule mstari. Moyo ulinidunda nikasema, basi, mke wangu ana mwanamume anaitwa Sandro. Unajua, ingekuwa afadhali? Ningempiga, tukamaliza."

"Kosa ni ukurasa mmoja tu. Toleo likirudiwa watausahihisha, nitawaambia."

"Ukurasa huu ndio kosa?" Alikitikisa kitabu chote mbele ya uso wake. "Na hizi nyingine zote?"

"Nilifanya kwa ajili ya mguu wako! Walinikataa, Nevzat! Wangeniambia chukua uende! Nani angelipa hicho chuma, yule tajiri wako wa kuku?"

"Na hili?" Akagonga kwa ukucha herufi za dhahabu. "Hili nalo la mguu wangu?"

Mama Fikrie alikuwa amesimama kati ya jiko na meza, anawatazama midomo, anajua kuna msiba na hajui nani amekufa. Akamvuta mwanawe mkono. Nevzat akamwambia kwa Kituruki, maneno machache tu. Bibi akatafuta benchi kwa mkono, akakaa. Alipoanza kusema, alisema Kibulgaria, kile chake cha kuvunjikavunjika, ili mkwewe asikose neno.

"Huyu alikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Theluji mpaka hapa. Wanajeshi wakazunguka kijiji, na mbwa. Wakatupanga foleni shuleni. Kuna meza, kuna karani, kuna majina ya Kibulgaria, chagua. Marehemu mume wangu akasema mimi ninalo, sichagui. Wakamchagulia. Huyu wakamwita Naiden. Mwalimu akiita Naiden, mtoto haitiki, amesahau kama ni yeye. Anapigwa kofi. Kila siku kofi, mpaka akajifunza. Baba yake hakujifunza. Amekufa kabla hawajaturudishia majina yetu, wakamwandikia kaburini jina ambalo hajaliitikia hata siku moja."

"Najua, mama," Detelina alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anajua kama vile kila mtu kwetu anavyojua, kwa kutokuuliza. Jina la Naiden hakuwahi kulisikia.

"Wale walikuja na mbwa," Mama Fikrie alisema. "Wewe tulikufungulia mlango wenyewe."

"Basi, mama, yatosha," Nevzat akasema. Hakuweza kuvumilia kumwona mkewe analia, hata sasa, na kwa hilo alijichukia kidogo. Alijiegemeza kwenye meza, akavuta pumzi. "Sikiliza, Dete. Kitabu kimeshachapwa, mtoto harudi tumboni. Pesa tutaichukua, mguu nautaka, sitajifanya malaika. Lakini si kuna siku utakisoma mbele za watu?"

"Alhamisi. Plovdiv. Uzinduzi."

"Mimi na mama tutakuja. Wewe una mdomo. Waambie, mtu huyu yupo, anaitwa Nevzat, ni mume wangu. Mara moja tu. Sihitaji waandike popote. Nataka ulitamke mahali ambapo watu wanasikia."

"Nitasema."

"Naona ugumu wake. Ndiyo maana nakuuliza mapema."

"Nitasema, Nevzat. Naapa kwa roho ya baba yangu." Na wakati anaapa hakuwa anadanganya. Alijiona jukwaani, mkono umenyooka kuelekea kwake, watu wanageuka wanapiga makofi. Alijiona kama Raya.

Detelina alitangulia Plovdiv siku moja kabla, kwa sababu Galina alitaka ahojiwe na televisheni ya mkoa. Nevzat na mama yake walikuja na basi. Nevzat alikuwa amevaa suti yake ya harusi, mguu mmoja wa suruali umepasuliwa mshono ili plasta ipite, na mama yake alikuwa amejifunga kitambaa cha hariri alichokiweka kwa ajili ya hija ambayo hakuwahi kwenda. Kwenye ngazi za ukumbi hakuna aliyewapa mkono. Walipanda wenyewe, ngazi moja moja, bibi akiwa ndiye gongo la tatu.

Walikaa safu ya pili. Msichana mwenye beji akaja, akawainamia kwa adabu.

"Samahani, mjomba, nafasi hizi ni za wageni walioalikwa."

"Sisi tumealikwa," Nevzat alisema.

"Na nani?"

Alimtazama mkewe kule jukwaani, anaongea na mtu wa kamera, kavaa gauni la buluu ambalo Nevzat hakulijua. Angeweza kumwonyesha kidole. Akaona amwachie mwenyewe heshima ya kusema kwanza. "Hapana neno, binti," alisema, na akainuka, akamwinua mama yake, wakaenda kukaa safu ya mwisho, karibu na makoti.

Detelina aliwaona wanahamishwa. Aliona vizuri, tangu msichana alipoinama mpaka mama mkwe alipokaa. Akachukua glasi ya maji, akanywa, na akajiambia kwamba hata akiwa nyuma atasikia.

Ukumbi ulijaa wanawake. Wengine walikuwa na kitabu tayari, kimevimba kwa kusomwa. Detelina alisoma sura ambayo Raya anawaambia wazazi wake kwamba ameshachagua, na kama hawampendi mwanamume wake waje harusini wakiwa wamenuna, viti ni vile vile. Wanawake wakacheka, wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Galina, aliyekaa pembeni yake mezani, alimbana paja kwa furaha. Ndani ya mkoba wake alikuwa na mkataba wa vitabu vitatu, na alikuwa amemwambia kwamba watautia saini hapo hapo mbele ya kamera, tena kwa jina lake kamili.

Yakaja maswali. Wa kwanza aliuliza kama Raya ni yeye mwenyewe. Wa pili aliuliza ameanza lini kuandika, na Detelina akajibu vizuri, watu wakacheka. Kisha akasimama mama mmoja mwenye kofia nyekundu, mnene, mwenye uso mwema, kitabu amekikumbatia kifuani.

"Mimi sina swali la akili," alisema. "Mimi nimelia tu. Lakini nimeona pale mwanzo, umeandika, kwa Sandro, ambaye bila yeye nisingejua kupendwa. Kwa hiyo ni kweli! Yupo! Jamani, wewe mwanamke una bahati, tuonyeshe basi! Yuko wapi Sandro?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Vichwa vikaanza kugeuka, huku na huku, kutafuta mwanamume mrefu mwenye shati jeupe. Kijana mmoja aliyekuja na mama yake akainuliwa mkono kwa utani, akakataa kwa haya. Kamera nayo ikageuka kutafuta. Galina alimwinamia Detelina sikioni. "Mungu anakupenda," alimnong'oneza. "Hili ndilo litakalotoka leo jioni."

Kule nyuma Nevzat alikuwa ameshaelewa kwamba saa imefika. Alifunga kifungo cha koti. Alipanga magongo, moja huku, moja kule, akaanza kujiinua taratibu, uso umemwiva kwa aibu na furaha pamoja. Alikuwa anamwamini. Mama Fikrie naye alinyoosha kitambaa.

Detelina alimwona. Kati yake na mumewe kulikuwa na nyuso zile zote zinazotafuta Mtaliano, na aliona kabisa zitakavyokuwa akilitaja jina. Zitamfikia Nevzat, zitashuka kwenye suruali iliyopasuliwa, zitahamia kwenye kitambaa cha bibi, na tabasamu zitabaki palepale lakini zitakuwa tabasamu za adabu. Mama wa kofia nyekundu angepiga makofi bado. Angepiga polepole zaidi. Na Galina angefunga mkoba.

Raya angesema. Raya angesema bila kumeza mate, na angeteremka jukwaani kwenda kumshika mkono. Maneno yote ya Raya yalikuwa yametoka kwa mwanamke huyu huyu aliyekaa hapa, na sasa hakupata hata moja la kukopa.

"Hakuweza kuja," Detelina alisema kwenye kipaza sauti. "Yuko safarini."

"Aaah!" ukumbi wote ukasikitika.

Nevzat alikuwa amesimama nusu, makwapa juu ya magongo. Alibaki hivyo, hawezi kusimama wala kukaa. Hakuna aliyemtazama. Mama yake, ambaye hakuwa amesikia kitu ila kishindo cha watu, alimvuta shati na kumwuliza kwa Kituruki, kwa sauti yake ile ya mnadani iliyopenya ukumbi mzima.

"Kasemaje? Kakutaja?"

Hapo ndipo vichwa vyote vilipogeukia safu ya mwisho. Nevzat alimwinamia mama yake, na kwa kuwa masikio ya bibi hayana mnong'ono, alilazimika kusema kwa nguvu.

"Kasema sikuweza kuja, mama. Simama twende."